Darasa la saba alipata B ya hesabu, kidato cha pili ana 14. Tatizo liko wapi hasa?

FundiMama_Mafinga

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani hapa Mafinga, nina kibanda changu cha kushona. Nina binti yuko kidato cha pili, shule ya kata. Darasa la saba alitoka na wastani wa B, na hesabu yenyewe alipata B. Nikachinja na kuku.

Mtihani wa muhula wa kwanza mwaka huu amekuja na hivi: hesabu 14, fizikia 19, kemia 31, baiolojia 48, Kiswahili 77. Nikaenda shule. Mwalimu wa taaluma akanipokea vizuri tu, akaniambia: "Mama, kidato cha tatu aachane na fizikia na kemia, ahamie masomo ya sanaa. Hesabu haiachiki, ila tutamsukuma asogee." Mtoto mwenyewe anataka uuguzi. Alipoyasikia hayo hakula jioni ile.

Sasa kila mtu ana lake. Baba yake anasema ni simu. Simu ya humu ndani ni yangu na ni ya kitochi. Jirani anasema hesabu ni ya ukoo, na ukoo wetu hauna. Mwingine kaniambia tuisheni, elfu kumi na tano kwa mwezi. Nikalipa. Nilipofungua daftari la tuisheni nikakuta maswali yamekopiwa na majibu yake, safi kabisa, na hakuna hata moja analoweza kunieleza.

Kinachonichanganya ni kwamba Jumamosi huyu mtoto ananisaidia kukata nguo. Nikimwachia vipimo vya mteja, anapima, anagawa, anaongeza cha mshono, anakata. Hajawahi kuniharibia kitambaa. Mtu wa alama 14 anakataje sketi?

Naomba mnisaidie wenye uzoefu. Ni nini hasa kinachowaangusha watoto kwenye hesabu na sayansi wakifika sekondari? Ni walimu, ni Kiingereza, au ni mtoto mwenyewe? Na mimi niliyeishia la saba nianzie wapi? Naomba kuwasilisha.

---

Mzee_wa_Data

Mama, kubali matokeo. Siyo kila mtoto ni wa sayansi. Hesabu ni kipaji, kama huna huna. Mwache achukue historia na uraia, apate cheti, maisha yaendelee. Wazazi mnawatesa watoto kwa ndoto zenu.

---

Ticha_Mstaafu

Dada fundi, pole, na hongera kwa kufungua hilo daftari la tuisheni. Wazazi wengi hulipa na hawafungui. Nimefundisha hesabu na fizikia kuanzia miaka ya themanini mpaka nilipostaafu: Tabora, Kigoma, nikamalizia Morogoro vijijini. Nitaandika kirefu, mwenye haraka aruke.

Kwanza nimalizane na kijana wa kipaji. Miaka ya karibuni, kwenye mtihani wa taifa wa kidato cha nne, wanaofaulu hesabu ni kama mmoja kati ya watano, baadaye ikasogea kama mmoja kati ya wanne. Na kufaulu hapo ni kuanzia D, yaani alama 30 kwa 100. Watoto hao hao Kiswahili wanafaulu karibu wote. Sasa niambie, Mwenyezi Mungu aliinyima vipaji robo tatu ya nchi, na kwenye somo moja tu? Ukiona wengi kiasi hicho wameangukia mahali pamoja, kaangalie pale mahali, walioanguka waache kwanza.

Turudi kwenye sketi. Mteja ana hipsi 38. Binti yako anagawa kwa nne, anapata tisa na nusu, anaongeza inchi moja ya mshono, anapata kumi na nusu, anapiga chaki. Akija mteja wa 42, hakuulizi tena, anarudia njia ile ile kwa namba mpya. Dada, huo ni mlinganyo. Mwalimu akiuandika ubaoni anaweka herufi mahali pa hipsi, anaweka nne chini ya mstari, anajumlisha moja, anauita aljebra, na mtoto anaganda. Kwa hiyo akili ya kugawa anayo, nusu na robo anazijua, kufuata hatua kwa mpangilio anajua. Kilichokatika ni njia ya kutoka kwenye meza yako ya kukatia mpaka kwenye karatasi ya shule. Tukipajua palipokatika, kazi inakuwa ndogo kuliko mnavyodhani.

Kwa uzoefu wangu hapakatikii kidato cha pili. Kidato cha pili ndipo panapoonekana tu. Mwalimu anafundisha vipeo, logarithimu, milinganyo ya kipeo cha pili, na mtoto anakwama kwenye logarithimu kwa sababu hawezi kujumlisha sehemu zenye asili, yaani namba za chini, tofauti. Hilo ni jambo la darasa la tano. Na B yake ya darasa la saba isikudanganye sana. Mtihani ule kwa miaka mingi sehemu yake kubwa imekuwa ya kuchagua jibu. Mtoto mwerevu hujifunza kuyaondoa majibu yasiyofanana na ukweli akabaki na moja. Ni ujanja mzuri, ila kidato cha pili anatakiwa kuonyesha njia, na hapo hakuna A, B, C, D za kumshika mkono.

Halafu lugha. Miaka saba mtoto amesoma KDS (kigawe kidogo cha shirika), KKS (kigawo kikubwa cha shirika) na MAGAZIJUTO. Anajua mabano, kugawanya, kuzidisha, kujumlisha, kutoa, anaziimba hata usingizini. Januari ya kidato cha kwanza anapata zile wiki chache za kumwandaa kwa Kiingereza, kisha kila kitu alichokijua kinaletwa upya na jina jingine, na mtu anayekileta mara nyingi naye Kiingereza chake kinachechemea. Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amelipigia kelele jambo hili miaka mingi. Mimi nililiona kwenye riba. Nilikuwa natoa swali la mkopo kwa Kiingereza, darasa zima kimya. Nikilisoma kwa Kiswahili, mikono inapanda mpaka ya nyuma kabisa, maana mama zao wako VICOBA na riba wanaizungumza wakila ugali. Kisha naambiwa watoto hawajui riba.

Lakini sitaki useme "ni Kiingereza" ukalala. Wapo niliowasomea kwa Kiswahili na bado wakakwama, kwa sababu ya zile sehemu. Kwa hiyo usiulize walimu au Kiingereza au mtoto. Mpe mtihani wewe mwenyewe, nyumbani, bila fimbo na bila saa. Andika hivi:

503 − 178
3/4 + 2/5
−3 − 5
Asilimia 20 ya 45,000
2x + 3 = 11, x ni ngapi?

Majibu, ili usihangaike: 325, 23/20, yaani moja na 3/20, −8, 9,000, na x ni 4. Jibu likiwa kosa usilifute. Kosa ndilo unalolitafuta. La kwanza likimshinda, hajui kukopa kwenye kutoa, rudi darasa la tatu. La pili akiandika 5/9, amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, na hilo ndilo kosa nililoliona kuliko yote maishani mwangu. La tatu akiandika 8 bila alama, kuna mtu kamwimbisha "hasi na hasi ni chanya" bila kumwambia hiyo ni ya kuzidisha. Baada ya hapo, swali la asilimia liandike kwa Kiingereza kwenye karatasi nyingine, tafuta mtu akusaidie, mpe siku ya pili yake. Akipata la Kiswahili akakosa la Kiingereza, umeshajua.

Na fizikia yake ya 19 usiihesabu kama ugonjwa wa pili. Fizikia ya kidato cha pili kwa sehemu kubwa ni kuhamisha herufi kutoka upande huu kwenda ule. Unapewa densiti na tungamo, unatafuta ujazo. Asiyeweza 2x + 3 = 11 ataijua densiti kwa moyo na bado atapata sifuri kwenye hesabu yake. Kemia 31 inapumua kwa sababu hesabu za moli, zile za kupima kiasi cha dutu, hazijafika. Kidato cha tatu zinafika, na moli ni uwiano na sehemu tupu.

Sijawagusa walimu, na mimi ni wao. Shule za kata zilipoota kwa wingi kuanzia 2004, walimu hawakuota kwa kasi ile. Tukaletewa vijana waliotoka kidato cha sita wakapewa mafunzo ya wiki chache, mtaani wakaitwa "voda fasta". Wengine walikuwa wazuri kweli, wengine walikuwa wanasoma mada usiku ili waifundishe asubuhi. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotoka, sita kati ya kumi wakapata daraja la sifuri, nchi ikashtuka, tume ikaundwa. Sisi tuliokuwa madarasani hatukushtuka. Mpaka leo muulize binti: mwalimu wa hesabu ana mikondo mingapi? Daftari lake limesahihishwa lini mara ya mwisho? Mwalimu mmoja akiwa na mikondo sita, hata angekuwa malaika hasahihishi. Na mtoto ambaye kosa lake halijawahi kusahihishwa hulifanyia mazoezi mpaka likakomaa.

La mwisho, dogo: anakaa wapi darasani, na ubao anauona? Nimewahi kuwa na mvulana niliyemwita mzembe muhula mzima, kumbe 3 na 8 ubaoni kwake zilikuwa kitu kimoja.

---

Mzee_wa_Data

Sawa ticha, ila mbona wapo wanaopata A kwenye hizo hizo shule za kata?

---

Ticha_Mstaafu

Wapo. Ukimwuliza utakuta kuna kaka, shangazi au mwalimu wa kujitolea aliyemziba mashimo mapema. Kipaji nacho kipo, sikatai. Ila hakuna kipaji kinachohitajika kupata 45.

---

Maabara_Na_Vumbi

Naongezea upande wa sayansi, maana mimi ni fundi sanifu maabara kwenye shule ya serikali, mkoa siutaji.

Mnakumbuka agizo la Rais Kikwete la maabara tatu kila shule ya kata, 2014 mpaka 2015? Wananchi walichangishwa mpaka kuku. Majengo yalisimama mengi, na ni kitu kikubwa, nisiwe mchoyo wa fadhila. Ila jengo siyo maabara. Kuna mahali chumba cha fizikia kina madawati kwa sababu madarasa hayatoshi, na chumba cha kemia ni stoo ya mahindi ya chakula cha wanafunzi. Kemikali zinanunuliwa lini? Mara nyingi mtihani wa taifa ukishakaribia, kwa sababu lazima vifaa vya siku ile viwepo. Kwa hiyo kuna mtoto anaishika bureti, mrija wa kupimia kimiminika, kwa mara ya kwanza akiwa kidato cha nne, mikono inatetemeka, anasoma kimiminika kwa kuangalia kutoka juu badala ya usawa wa jicho, namba zote zinapinda. Halafu tunasema kemia ngumu.

Dada fundi, kuna mambo hayahitaji maabara. Chukua choya, yale maua mekundu ya juisi, chemsha. Gawa vikombe viwili. Kimoja kamulia limao, kingine tia magadi. Kwenye limao kitazidi kuwa chekundu, kwenye magadi kitageuka kuelekea kijani. Hapo ameona asidi na besi kwa macho yake, na mada hiyo haitakuwa orodha ya kukariri tena. Fizikia: funga jiwe kwenye uzi, lining'inize mlangoni, apime muda wa mizunguko ishirini, kisha afupishe uzi apime tena. Ni jaribio la pendulamu lile lile wanalopewa kwenye vitendo. Tumia saa ya simu ya kitochi, inatosha.

Nawaambia walimu wa shuleni kwetu hivyo kila siku. Wananijibu "silabasi haitaisha". Silabasi inaisha kila mwaka, wanafunzi ndio hawaifikii.

---

Mwalimu_wa_Kakamega

Hamjambo majirani. Mimi nafunza hesabu na fizikia upande huu wa Kenya. Nimesoma hapo juu mkilaumu Kiingereza, nikaona nitie neno.

Kwetu mtoto anafundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne. Kufikia kidato cha nne anakiongea kama maji. Na bado KCSE, mtihani wetu wa taifa wa kidato cha nne, ikitoka, hesabu ndiyo inajaza D- na E. Kwa hivyo lugha ni kitu, lakini mkiipata lugha msidhani mmemaliza. Mimi pia ninakutana na hiyo 5/9 ya mwalimu, tena imeandikwa na mtoto mwenye Kiingereza kizuri kuliko mimi.

Tulijaribu kurekebisha upande wa ufundishaji. Mwaka wa 1998 ulianza mradi wa SMASSE kwa msaada wa Japani, baadaye kikawepo kituo cha CEMASTEA pale Karen, Nairobi. Walimu tulifundishwa tuwaache wanafunzi wafanye, wajadili, watumie vitu vya mazingira, tuache kuongea dakika arobaini. Mimi nilipenda sana. Nilirudi nikagawa darasa kwa vikundi, nikaleta mikebe na kamba. Wiki moja mkuu wa idara akaniita: wenzako wako sura ya tano, wewe uko ya tatu, na mtihani wa pamoja wa kaunti unakuja. Unaelewa? Mwalimu anapimwa kwa kumaliza. Tunakimbia tumalize silabasi mapema ili mwaka wa mwisho uwe wa marudio, na kile tunachorudia hakikueleweka mara ya kwanza.

Na suala la kuwaruhusu watoto waiache hesabu, tumeshapigana nalo huku. Mtaala mpya ulikuja na mpango kwamba sekondari ya juu hesabu isiwe lazima kwa wote. Wazazi na walimu wakapiga kelele, 2025 serikali ikairudisha kwa sura mbili, moja nzito kwa wanaoelekea sayansi na moja nyepesi kwa wengine. Mimi nilikuwa upande wa kelele. Mtoto wa miaka kumi na tano hajui atakachokitaka akiwa na ishirini.

Mama, huyo binti usimhamishe mkondo mapema.

---

Nesi_Mtarajiwa

Shikamooni nyote. Mimi niko chuo, mwaka wa pili uuguzi, nimetokea shule ya kata Ruvuma. Kidato cha pili nilikuwa na 11 ya hesabu, kwa hiyo mdogo wangu wa Mafinga ananishinda.

Walimu wamesema ya walimu. Mimi niseme ambayo hawayaoni. Nilikuwa natoka shule saa tisa, natembea mpaka nyumbani, nachota maji, napika, naosha. Nikishika daftari ni saa tatu usiku na koroboi inavuta moshi. Kaka yangu kidato kile kile alikuwa anarudi anacheza mpira, kisha anasoma. Hakuna aliyepanga kunionea, ndivyo ilivyokuwa tu. Mama alipoamua maji achote kaka siku tatu kwa wiki, alama zangu zilianza kusogea kabla hata sijapata mwalimu mpya. Kingine, shuleni chakula cha mchana kilikuwa kwa waliochanga, na hesabu ilikuwa vipindi viwili vya mchana. Aliyekula makande na asiyekula hawakai kwenye kipindi kimoja, hata kama wamekaa dawati moja.

Na aibu. Nilijua jibu mara nyingi, ila kulisema kwa Kiingereza mbele ya wavulana wanaosubiri ukosee wacheke, bora fimbo. Nilinyamaza karibu miaka miwili. Mwalimu akadhani sijui.

Kuhusu kuikimbia hesabu: rafiki zangu waliokwenda PCB (fizikia, kemia na baiolojia) kidato cha tano wakisema "tumeachana na hesabu" waliikuta BAM, somo jingine la hesabu, inawasubiri mlangoni. Na chuoni kwetu tunakokotoa dozi na kasi ya dripu kila wiki. Zote ni sehemu na uwiano.

---

FundiMama_Mafinga

Jamani asanteni. Sikutegemea. Nimeyasoma yote mara mbili, na mengine nimemsomea baba yake.

Ticha, nimempa ule mtihani. La kwanza kapata. La pili kaandika 5/9. Nilipoiona nilicheka kwa uchungu, nikamwambia kuna mzee yuko mtandaoni kakutabiri. La tatu kaandika 8. Asilimia kwa Kiswahili kapata, tena kwa kichwa, "mama hii si kama ile punguzo la vitenge". Siku ya pili kwa Kiingereza kaacha wazi. Nikamwuliza kwa nini, akasema hakujua anaambiwa afanye nini. La x kapata kwa kubahatisha namba mpaka moja ikakubali.

Kisha nikafanya la kwangu. Nikaweka tepu mezani, nikamwuliza: robo tatu ya inchi ukiongeza nusu inchi? "Inchi moja na robo," papo hapo, hata tepu hakuitazama. Nikamwambia sasa iandike kwa hesabu. Akaandika 3/4 + 1/2 = 4/6. Nikamwonyesha: wewe mwenyewe umeniambia moja na robo, hii 4/6 haifiki hata moja. Akaitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe hizi ni zile zile?" Miaka yote alikuwa anadhani sehemu za shule na sehemu za tepu ni vitu viwili.

Baba yake kanyamaza habari ya simu. Maji tumegawana.

Sasa maswali yangu. Moja, kutoka hapo naendaje, mimi sijui hizo aljebra? Mbili, shule wanataka jibu la mkondo. Tatu, tuisheni niendelee au niache?

---

Ticha_Mstaafu

Dada fundi, umefanya peke yako kazi ambayo wengine tunalipwa mshahara na hatuifanyi.

Kutoka hapo. Nusu saa kila jioni, isizidi, ila isikosekane. Wiki za mwanzo ni sehemu peke yake. Anza na tepu: nusu, robo, moja ya nane. Kila anachokipima akiseme, kisha akiandike, kisha alinganishe maandishi na tepu. Yasipokubaliana, tepu ndiyo hakimu. Tepu itakufikisha kwenye nane na kumi na sita, haina tano. Hapo hamia kwenye hela. Elfu ishirini: robo tatu yake ni kumi na tano, mbili ya tano ni nane, jumla ishirini na tatu. Ndiyo ile 23/20 iliyomshinda, na ataona mwenyewe kwa nini walitafuta ishirini. Mwambie hiyo ishirini ni KDS yake ya darasa la tano, haijaenda popote.

Namba hasi unazo kwenye daftari lako la madeni. Mteja anadaiwa elfu tatu, anachukua nguo nyingine ya elfu tano bila kulipa. Yuko wapi? Hasi nane. Muulize kama deni juu ya deni limewahi kugeuka kuwa faida hapo kibandani kwako. Ule wimbo wa hasi na hasi autunze, siku ya kuzidisha utamfaa.

Aljebra usiiogope. Aandike kanuni zake za kukata: ya sketi, ya kola, ya mkono wa gauni, kila moja akiweka herufi mahali pa kipimo. Kisha umgeuzie: "Nimekata kipande cha kumi na nusu, hipsi ya mteja ni ngapi?" Ataondoa moja, atazidisha kwa nne. Siku atakapofanya hivyo bila kubahatisha, amejifunza kuhamisha, na fizikia itaanza kusogea yenyewe.

Kiingereza: daftari dogo, maneno ya kuamrisha tu yanayotumika kwenye maswali ya hesabu. Si mengi, yanajirudia mwaka hadi mwaka. Ukipata mtu mwenye simu janja, ingia tovuti ya Baraza la Mitihani, NECTA, wanatoa kila mwaka uchambuzi wa jinsi watahiniwa walivyojibu kila swali, na wanaweka mpaka picha ya jibu zuri na jibu baya. Binti aangalie majibu mabaya kwanza. Vitabu vya shule navyo vipo bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu.

Mkondo: usisaini chochote sasa. Waambie kwa heshima mnasubiri matokeo ya upimaji wa kidato cha pili. Kemia na baiolojia asiziachie kabisa. Fizikia nayo ishikilie, hata kwa D, maana masharti ya vyuo vya afya kwenye mwongozo wa NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi na vyuo hivyo, huwa yanaitaja pamoja na hizo mbili. Uusome wa mwaka husika, hubadilika. Na usitegemee 14 igeuke 60 kufikia mtihani huo. Ikifika 30 amevuka, na amevuka kwa miguu yake.

Tuisheni: nenda kwa huyo mwalimu na ile karatasi yenye 5/9. Mwonyeshe. Akikubali kuanzia hapo, mlipe hata ikiwa elfu ishirini. Akikwambia "sisi tunakwenda na mada za shule", hiyo hela nunua mafuta ya taa na vitabu vya hesabu vya darasa la tano na la sita, ujifunze naye.

---

FundiMama_Mafinga

Nimekwenda leo. Kasema wanakwenda na mada za shule. Vitabu nimeshaviulizia, cha la tano kipo stendi, cha la sita mpaka Iringa, kuna dereva wa kosta nimemwagiza.

Mzee_wa_Data, wewe kama una cha la sita nyumbani kwako hakisomwi, nipe namba ya mzigo.